Uliza Nani wa Mwisho

Njoo ukae hapa, mume wangu. Vuta kile kigoda, usisimame mlangoni kama mtu aliyeleta taarifa ya msiba. Barua yako ya kwenda Cuba nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimemshukuru Mungu, maana kutoka Dunda hadi Havana si mwendo wa kwenda Kaole na kurudi. Utaanza na Kihispania, ndipo uingie kwenye udaktari wenyewe. Mama yako tangu asubuhi anahangaika na dagaa, anawakaanga na kuwafunga kwenye mifuko, anaogopa usije ukakonda. Mimi sihangaiki na tumbo lako. Tumbo hujitafutia. Nahangaika na ulimi wako, na nataka nikwambie jambo langu sasa, wakati nakuna nazi hii, kwa sababu nikingoja siku ya safari utakuwa umezungukwa na watu na picha, na maneno ya bibi yatamwagika kama tui lisilo na chungu.

Unavijua vile vyumba viwili vya uani. Tangu nistaafu ualimu nawapangishia wageni, na wengi wao ni vijana kama wewe: wanaokuja kujifunza ngoma na maigizo pale chuo cha sanaa, TaSUBa, na wanaokuja kufanya mazoezi ya kazi hospitalini na mashuleni. Nimewapikia, nimewauguza malaria, nimewasikia wakilia usiku kwa kukumbuka kwao. Na miaka yote hiyo nimeona kosa moja likirudi kila msimu kama maji ya bamvua.

Kosa lenyewe halina ubaya wa moyo. Mtu hudhani kwamba akishafika nchi ya watu, lugha yao itamwingia yenyewe, kama moshi unavyomwingia anayepika. Moshi kweli huingia hivyo. Ukikaa jikoni nusu saa, hata ukiwa umesinzia, nguo zako zitanuka moshi mpaka zifuliwe. Lugha haina tabia hiyo. Nimeona watu waliokaa Bagamoyo mwaka mzima wakaondoka na "mambo" na "poa", basi. Na hawakuwa wajinga. Wengine walikuwa na digrii mbili.

Mwaka mmoja walikuja vijana saba kwa pamoja kutoka Hispania. Walikuwa wamepangiwa nyumba kule karibu na ufukwe, na nyumba ile ilikuwa na vitanda sita. Sita wakaingia. Wa saba, binti mwembamba mwenye miwani, akakosa kitanda, akaletwa kwangu machozi yakimlengalenga kana kwamba amehukumiwa.

Wale sita walikuwa watoto wema. Asubuhi walikunywa chai pamoja, jioni walipika pamoja, Jumamosi waliogelea pamoja, na kila neno lililotoka vinywani mwao lilikuwa la kwao. Wakitaka samaki walimtuma mlinzi. Mlinzi alikuwa mwaminifu, chenji ilirudi bila kupungua hata shilingi, na kwa uaminifu wake huo aliwanyima Kiswahili.

Huyu wangu hakuwa na mlinzi. Alikuwa na mimi, na mimi Kihispania sikukijua. Wiki ya kwanza alisimama hapo ulipokaa wewe, akaomba kwa adabu zote nimpe "maji ya kuogopa". Uani mzima tulicheka, naye alipoelewa akacheka kutupita sote, na kwa wiki nzima watoto wa jirani walikuwa wakija alfajiri kumwuliza kama ameshaogopa. Nilijua siku ile kwamba huyu atajua Kiswahili. Mtu anayeweza kuchekwa na kesho yake akarudi palepale kuomba maji, huyo keshavuka mto. Mwezi wa tatu ukaisha akiwa anakwenda mwenyewe mnadani pale ufukweni boti zinaporudi, anabishana na dalali juu ya fungu la vibua, anadai nyongeza, na dalali anampa ili anyamaze. Mwenzao mmoja katika wale sita alipougua, walimjia yeye mbio usiku akamweleze muuguzi mgonjwa anaumwa wapi na tangu lini.

Hakuwazidi akili. Alikosa kitanda, ndiyo tofauti yao nzima.

Usiwacheke, mjukuu wangu. Sisi tukienda nchi za watu tunafanya vilevile, tena na dagaa juu. Mjomba wako, mtoto wa marehemu dada yangu, alisoma udaktari hukohuko Cuba, na haya alinisimulia mwenyewe usiku mmoja wa tanga, watu walipokuwa wamelala kwenye mikeka. Walikuwa Watanzania wanane bweni moja. Walipika ugali kwa unga waliotumiwa, walisikiliza nyimbo za nyumbani, walisoma pamoja. Darasani alifaulu, kwa sababu karatasi humsubiri mtu afikiri. Mgonjwa hasubiri.

Alipoingia wodini akapewa bibi mmoja anayelalamikia tumbo. Akamwuliza limeanza lini. Bibi akajibu "antier". Sasa, kitabu cha darasani kilimfundisha kwamba juzi ni "anteayer", neno refu lenye vyumba vyake vyote. Wacuba hawana muda wa kulitembelea neno chumba hadi chumba. S ya mwisho huimeza, maneno huyabana, kama sisi tunavyochukua "nimekwisha kula" tukaifanya "nshakula". Mjomba wako akasikia "ayer", yaani jana. Akaitikia "sí, sí", akaandika jana. Muuguzi aliyekuwa upande wa pili wa kitanda akamshika mkono kabla hajalifunga faili.

Tofauti ya tumbo lililouma tangu jana na lililouma tangu juzi utakuja kunieleza wewe ukishakuwa daktari. Mimi najua tu kwamba nyanya za jana na nyanya za juzi sokoni haziuzwi bei moja.

Kilichomwuma mjomba wako hadi leo si kusikia vibaya. Kusikia vibaya ni kwa kila mtu. Kilichomwuma ni ile "sí, sí". Aliitikia jambo ambalo hakulielewa, kwa sababu kumwuliza bibi yule mara ya pili kungemwonyesha kwamba yeye, mwanafunzi wa udaktari, hajui neno la juzi. Alilinda heshima yake kwa afya ya mtu mwingine. Na hapo, mwanangu, ndipo gharama ya kosa hili ilipo. Mgeni asiyejua lugha sokoni atalanguliwa, atatoka na samaki aliyelala, mambo yataishia chooni. Daktari asiyejua lugha ya mgonjwa, hasara haimkuti yeye.

Muuguzi yule Mungu ambariki. Hakumsemea kwa wakubwa. Alimwambia tu kwamba jioni aende mtaani kwao akacheze domino na baba yake. Huko, anasema, wazee hutoa meza nje barabarani wakapiga domino kwa kishindo na kelele, kama hapa wazee wanavyocheza bao kivulini. Akaenda. Akafungwa. Akachekwa. Akaenda tena. Jioni moja Mtanzania mwenzake akapita upande wa pili wa barabara, akamwita kwa sauti kubwa, "Kaka!" Meza yote ikaanguka kwa kicheko, maana kwa Kihispania "caca" ni kinyesi, ndilo neno wanalomwambia mtoto aliyejichafua. Ikabidi awaeleze. Akaeleza kaka ni nani, na dada ni nani, na kwa nini mtu asiye ndugu yako tunamwita kaka, na mjomba ni nani na shangazi ni nani, na alipotazama saa yake alikuwa amesema Kihispania saa nzima bila kukitafuta.

Watu wa pwani hii si wageni wa mambo haya. Msafara wa Burton na Speke ulipoondoka pwani yetu mwaka 1857 kwenda bara, mmoja wa watu wao alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akauzwa, akafikishwa India. Speke hakuwa na Kiswahili. Walielewana kwa Kihindustani, lugha ambayo Bombay aliipata kwenye nyumba za watu ambako bila kuelewa hakuna kula. Na mwaka 1965, Che Guevara alipovuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kuingia Kongo, Wacuba aliofuatana nao walijipa majina ya kuhesabia ya Kiswahili, Moja, Mbili, na Che mwenyewe akawa Tatu. Aliyemfundisha Kiswahili alikuwa kijana wa Kikongo, Freddy Ilanga, hajatimiza hata miaka ishirini. Kisha mwalimu akageuka mwanafunzi. Ilanga akapelekwa Cuba, akajifunza Kihispania ukubwani, akasoma mpaka akawa bingwa wa upasuaji wa ubongo, na huko akaishi hadi alipofariki mwaka 2005. Nafikiria sana juu ya kijana yule siku zake za kwanza, hana wa kumpikia ugali, hana wa kuzungumza naye lugha ya mama yake. Kila alichokitaka, chumvi, blanketi, njia ya kwenda darasani, kilikuwa ng'ambo ya neno asilolijua.

Hiyo ndiyo siri, na ninakupa bure. Lugha huja kwa mwenye haja nayo. Bombay alikuwa na haja. Ilanga alikuwa na haja. Binti yangu wa saba haja yake ilitokana na kitanda. Mimi siwezi kukuombea utumwa wala upweke, na namshukuru Mungu kwamba wewe unakwenda kwa tiketi na baraka za wazazi. Lakini uangalie ulivyobeba: una simu yenye intaneti, una wenzako watakaokupokea uwanja wa ndege, una dagaa. Haja zako zote zitakuwa zimeshatoshelezwa kabla hujafungua kinywa. Kwa hiyo wewe haja itabidi uitengeneze kwa mikono yako, na hilo ni gumu kuliko kuzaliwa nayo.

Anza na hao dagaa. Usile peke yako chumbani. Wiki ya kwanza chukua mfuko mzima umpelekee jirani. Atakuuliza ni kitu gani hiki, nawe utashindwa kueleza, na hapo somo litakuwa limeanza. Wenzako Watanzania wapende, mzikane na msaidiane, lakini usipange nao chumba kama una hiari. Na mimi, nipigie Jumapili. Jumapili tu. Nitakaa na simu mapajani siku nyingine zote, mama yako atanisema kwamba nimekufukuza, lakini kila saa utakayokaa nami kwenye simu ni saa uliyoinyima meza ya domino.

Jambo jingine ni la kimwalimu, unisamehe. Usiende Havana kwa kupitia London. Vijana wengi wakisikia neno la Kihispania hulipeleka kwanza kwenye Kiingereza, ndipo walirudishe kwenye Kiswahili, kama mtu anayetoka Dunda kwenda Kaole akapitia Chalinze. Njia ya mkato unayo. Yule binti na mimi tuliipita hapahapa tukichambua mchele. Irabu zao ni tano kama zetu, na zinatamkwa kama zetu. Ile "ñ" yao ni ny ya nyanya. Mgonjwa wa kwao akisema "me duele la cabeza", kichwa ndicho kinachouma, kama wewe usemavyo kichwa kinaniuma. Mwingereza huumwa kichwa kwelikweli na "es" na "está", kwa sababu kwake vyote ni kitu kimoja, lakini wewe tangu unatambaa unajua kwamba "ni daktari" na "yuko nyumbani" havichanganywi. Mtu aliyebeba ngeli zetu zote kichwani bila kuzihesabu, ya nini aogope "el" na "la"?

Tena kuna ujamaa wa zamani. Waarabu walikaa na kutawala Hispania, mahali pengi au pachache, tangu mwaka 711 hadi 1492, nasi tumeuziana nao tende na boriti karne kwa karne. Kwa hiyo sukari yetu ni "azúcar" yao, zeituni ni "aceituna", na "hata" yetu, ile ya kusema hata kesho, kwao ni "hasta". Kadhi wetu kwao akawa "alcalde", mkuu wa mji. Mreno naye alipopita hapa alituachia meza na bendera, na kwa jirani yake Mhispania ni "mesa" na "bandera". Utakuta ndugu wengi njiani. Utakuta na wa kukutega: sokoni Havana ukiomba "papa", utapewa viazi.

Lakini maneno peke yake ni nazi isiyokamuliwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na kule akafariki mwaka 1927. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1903, kilichohaririwa na Carl Velten, hakikuwa orodha ya maneno. Kilikuwa habari za desturi zetu: mtoto anavyozaliwa, mke anavyoposwa, maiti anavyozikwa. Mtu wa Dunda aliwaambia walimwengu kwamba lugha ya watu haikai kwenye kamusi, inakaa kwenye namna wanavyopokeana mlangoni. Nawe ukifika, angalia wanavyopokeana. Jua wanavyosalimia mkubwa, wanavyokataa chakula bila kuudhi, wanavyompa pole aliyefiwa. Siku utakayoweza kumpa mtu pole kwa lugha yake, naye akatulia, mtihani wako mkubwa utakuwa umepita.

Najua utakosea. Najua miezi ya kwanza utajikunyata na wenzako kama vifaranga kwenye mvua, na siku nyingine utasema "sí, sí" huku huelewi kitu. Sikulaumu tangu sasa. Mtu aliyezoea kuwa hodari, ambaye kwao anaitwa kichwa cha darasa, kurudi kuwa mtoto asiyejua kuomba chumvi ni jambo chungu. Mwaka 2018 Kenya ilipeleka madaktari 50 hukohuko Cuba kusomea udaktari wa familia. Watu wazima hao, nyumbani wameshaitwa daktari, wakaanza kuhangaika na lugha ngeni. Kama wao waliinama, nawe utainama. Ukiteleza leo, kesho rudi mezani.

Na uchungu huo una faida ambayo mimi niliiona kwa macho yangu. Mwaka juzi nilimpeleka jirani yetu kwa mjomba wako. Mama wa watu kasoma kidogo, ugonjwa wake anaueleza kwa mafumbo: kitu kinamtembea, kinapanda, kinashuka, kinamkaa chini ya chembe cha moyo. Nimeona madaktari wengi wakimkatisha mama wa namna hiyo. Mjomba wako aliweka kalamu chini. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, hapo sijakuelewa, hebu nirudilie." Kwa Kiswahili, lugha yake mwenyewe aliyozaliwa nayo. Nilitoka pale nikajua kwamba bibi yule wa Cuba na neno lake la juzi bado anatibu watu Bagamoyo.

Basi nazi imekwisha, na mkono umechoka. Nikupe la mwisho, alilonifundisha mjomba wako. Anasema huko watu hawajipangi kwenye foleni mmoja nyuma ya mwingine. Unafika dukani au kituo cha basi, unakuta watu wametawanyika, huyu kakaa kivulini, yule kaegemea ukuta, na wewe mgeni unadhani hakuna utaratibu. Upo. Kila anayefika huuliza kwa sauti, "¿El último?" Nani wa mwisho? Mmoja huinua mkono. Tangu hapo wewe ndiwe wa mwisho, mpaka mwingine aje aulize, nawe uinue mkono wako. Asiyeuliza anaweza kusimama pale tangu asubuhi na zamu yake isifike, kwa sababu hakuna anayejua kwamba yupo.

Nenda, mume wangu. Chukua hicho kifumbu unisaidie kuchuja tui, kisha uende ukamwambie mama yako mifuko miwili ya dagaa inatosha. Na siku utakayofika, kabla hujanitafuta kwenye simu, toka nje, tafuta foleni yoyote, hata kama huna cha kununua. Uliza nani wa mwisho. Kisha kaa nyuma yake.